Nani atasoma kazi yako? Maswali yenu kuhusu kozi za mawasiliano ya biashara mtandaoni

Katika toleo lililopita niligusia kwa mistari michache tu vyuo vinavyofundisha mawasiliano ya biashara kwa njia ya mtandao, na barua zikamiminika: za mpakani, za Arua, za Kisenyi, na moja ya mwalimu wa Jinja ambaye ni wazi ana hasira na mtu. Zote siziwezi. Nimechagua hizi, nimefupisha salamu kwa kuwa ukurasa wenyewe ni mmoja, na nimeondoa majina ya kampuni na ya vyuo.

Habari yako Mama. Mimi ni wakala wa forodha hapa Malaba. Nimezaliwa kambini, baba alikuwa askari, kwa hiyo Kiswahili ndicho cha nyumbani na Kiingereza ni cha shule. Bosi anasema barua pepe zangu zinachosha wateja. Nimeona kozi ya mawasiliano ya biashara ya chuo kimoja cha Marekani, muhula mmoja, yote mtandaoni, unaandika kwa lugha mbili ukitaka kwenye kazi za mwisho. Ada ni ya dola na kwangu ni nzito. Nilipe? Nakutumia na barua moja niliyoandika wiki jana, uone kama bosi ana haki. – Wakala, Malaba

Bosi ana haki, ila sababu anayoifikiria siyo. Nitafika huko. Tuanze na ada.

Kozi ya namna hiyo katika vyuo vya Marekani mara nyingi huwa ya krediti 3. Kwa hesabu yao, kila krediti ni saa moja ya darasa na saa mbili za kazi nje ya darasa, kila wiki, kwa wiki 15 hivi. Jumla unazungumzia saa 9 kwa wiki. Wewe unayeamshwa na simu ya dereva usiku wa manane, saa hizo utazitoa wapi? Hilo lijibu kabla hujaanza kuhesabu dola.

Kisha waandikie chuo uwaombe silabasi. Wanayo na hawaifichi. Ikifika, usipoteze muda kwenye orodha ya mada, maana mada ni zile zile kila unakokwenda: kumjua msomaji wako, barua ya habari njema, barua ya habari mbaya, barua ya kushawishi, ripoti fupi, wasifu wa kuombea kazi, kusimama na kuongea mbele ya watu. Wewe nenda moja kwa moja kwenye kazi za kuandika. Ziko ngapi? Nani anazisahihisha? Anazirudisha baada ya siku ngapi? Na ikisharudi, unaruhusiwa kuiandika upya na kuituma tena? Kozi ya video na maswali ya kuchagua A, B, C au D ni ya kutazama. Mwisho wake utaitambua barua nzuri ukiiona, na yako itabaki vile vile ilivyokuwa.

Mimi nilifunzwa barua za ofisi kwa taipu, na mwalimu wetu alikuwa na kalamu nyekundu na hana huruma. Barua ikirudi imejaa wekundu, unaichapa yote upya. Siitamani taipu hata kidogo. Ila bado sijaona kitu cha kushika nafasi ya mtu anayesoma sentensi yako na kukuuliza: hapa ulitaka kusema nini?

Sasa barua yako. Naiweka hapa kwa ruhusa yako, kwa sababu ofisi nyingi za nchi hii zinaandika hivi:

*Ndugu, natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima wa afya. Rejea mazungumzo yetu ya awali kuhusiana na suala tajwa hapo juu. Napenda kukufahamisha kwamba mzigo wako umefika mpakani na katika mchakato wa uhakiki imebainika kuwepo kwa utofauti baina ya nyaraka, hali iliyopelekea mzigo kutoweza kuendelea. Hivyo basi unaombwa kufanya utaratibu unaohitajika mapema iwezekanavyo ili kuepuka usumbufu unaoweza kujitokeza. Ahsante kwa ushirikiano wako.*

Nimeisoma na kuirudia. Sijui ni mzigo gani. Sijui nyaraka zipi zinapingana na zinapingana kwa nini. Imebainika, lakini nani kabaini, wewe au afisa wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda? Kwa mteja hilo ni jambo kubwa: kama ni wewe, pengine bado kuna nafasi ya kurekebisha kabla hati hazijawasilishwa, kama ni afisa, kuna maswali ya kujibu. "Utaratibu unaohitajika" ni upi? "Mapema iwezekanavyo" ni leo au Ijumaa? Mteja wako yuko Kikuubo, kwenye maduka ya jumla ya Kampala, wanunuzi wamemzunguka, ameifungua simu kwa kidole kimoja. Akiimaliza barua hii atafanya nini? Atapiga simu kuuliza kuna nini. Na kwa kuwa wewe uko kwenye foleni ya forodha na hupokei, atampigia bosi. Ndiyo maana bosi amechoka. Barua zako zinamzalishia simu.

Nilikuandikia WhatsApp nikuulize hasa kilitokea nini, ukanijibu kwa mistari minne, safi kabisa, kila kitu mahali pake. Hapo nikajua lugha unayo. Kinachokusumbua ni kwamba ukifungua barua pepe unavaa koti la ofisi ya serikali. Nimechukua mistari yako minne, nikaongeza kichwa na mkia:

*Kichwa: Kontena lako la vigae limesimama Malaba – nahitaji ankara sahihi leo kabla ya saa 10 jioni*

*Habari za leo, Bwana. Kontena lako la vigae limefika Malaba asubuhi hii na forodha hawajaliruhusu kuendelea. Ankara inasema katoni 1,150. Orodha ya mzigo inasema katoni 1,510. Afisa anataka ankara iliyosahihishwa na muuzaji mwenyewe. Naomba unitumie leo kabla ya saa 10 jioni, nami nitaiwasilisha leo hii. Ikichelewa, lori litalala hapa na mwenye lori atadai malipo ya siku ya ziada. Ukitaka nimwandikie muuzaji moja kwa moja, nipe anwani yake.*

Ona namba mbili zile, 1,150 na 1,510. Barua nzima imekaa juu yake, na katika barua ya kwanza hazimo. Mteja akiziona tu anajua kilichotokea: mtu kageuza tarakimu alipokuwa akichapa. Haulizi tena, anampigia muuzaji. Na kwa kuwa ombi liko kwenye kichwa, hata asipoifungua barua ameshajua anachotakiwa kufanya. Hayo ndiyo yanayofundishwa wiki za mwanzo za karibu kila kozi ya aina hii: msomaji akutane kwanza na kinachomhusu yeye, sababu zifuate.

Kwa hiyo ulipe? Ningekuwa wewe, nisingelipa sasa. Chukua kwanza ya bure. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kina kozi za Kiingereza cha kazi na cha biashara kwenye Coursera, tovuti ya kozi za vyuo, ila angalia kwanza ipi unaweza kuisoma bila kulipa. Alison, tovuti nyingine iliyoanzia Ireland mwaka 2007, inakufundisha bure na kukutoza ukitaka cheti. Open University ya Uingereza ina tovuti yake ya kozi, OpenLearn, nayo ni bure. Upungufu wao ni ule ule nilioutaja: kazi yako haisomwi na mwalimu. Baadhi ya kozi za Coursera wanafunzi husahihishana wenyewe kwa wenyewe, na hiyo ni bahati nasibu, leo unampata mtu makini, kesho unaandikiwa "kazi nzuri" na mtu ambaye hakufika aya ya pili.

Basi msomaji mtafute hapo hapo mpakani. Malaba imejaa mawakala. Kaeni watatu kila Jumamosi, kila mmoja alete barua aliyoituma kweli wiki hiyo, mwenzake aisome kwa sauti, na mwandishi anyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Utasikia mwenyewe pale msomaji anapokwama, na utatamani kumweleza. Usimweleze. Mteja wa Kikuubo hakuwa na mtu wa kumweleza.

Mkifanya hivyo kwa miezi kadhaa na bado ukaona unataka darasa lenye mwalimu, hapo lipa, na utakuwa mwanafunzi wa kuogopwa. Na kama hela iliyopo ni ya kozi moja tu, na cheti cha EACFFPC cha mawakala wa forodha wa Afrika Mashariki bado hujakipata, anza na hicho. Barua nzuri haitakusaidia kitu mlangoni pa forodha usipoijua kazi yenyewe.

Mama, mtoto wangu ameomba hela ya kozi ya mtandaoni. Cheti chake kitakubalika Uganda? – Mzazi, Kisenyi

Kikubalike na nani? Mwenye duka la jumla au kampuni binafsi ataangalia kama kijana anaweza kuandika nukuu ya bei bila kupotosha hesabu, cheti atakitazama baadaye. Akitaka kazi ya serikali au kuendelea na masomo, habari inabadilika.

Kwa chuo cha hapa, mwenye neno ni Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, lililoundwa kwa sheria ya 2001. Wana orodha ya vyuo na orodha ya programu zenye ithibati. Ziangalie zote mbili, kwa sababu chuo kinaweza kuwa halali na programu yake moja isiwe na ithibati. Kwa vyeti vya nje, baraza hilo hilo ndilo linalovilinganisha na vya hapa. Mwanao aulize kabla ya kulipa.

Kuhusu Marekani, wazazi wengi hawajui kwamba serikali yao haitoi ithibati kwa vyuo yenyewe. Inayatambua mashirika ya ithibati, na mashirika hayo ndiyo yanayokagua vyuo. Kwa hiyo tovuti ikijisifu "tuna ithibati", swali ni: mmepewa na nani, na huyo anatambuliwa na Wizara ya Elimu ya Marekani? Wako watu wanaouza ithibati na wako wanaouza vyeti. Ukiahidiwa cheti kwa "uzoefu wa maisha", au bei ikipanda kadiri alama zinavyopanda, funga pochi.

Na mwulize mtoto nani atasoma kazi yake. Akisema "kompyuta", mpe nusu ya hela aliyoomba, ajaribu ya bure kwanza, inayobaki iwe ya bando.

Dada, niko Arua, nasoma kwa simu. Bando linaisha kabla ya wiki na umeme ni wa kubahatisha. Kozi ina vipindi vya Zoom na kundi la majadiliano la Facebook. Nifanyeje? – Msomaji, Arua

Facebook kwanza. Imefungwa Uganda tangu Januari 2021, wakati wa uchaguzi, na mwalimu wako wa ng'ambo huenda hana habari. Mwandikie wiki ya kwanza, usingoje alama zipungue: "Facebook haifunguki nchini kwangu bila VPN. Naomba kujua nitashiriki majadiliano kwa njia gani nyingine." Sentensi mbili, bila kujieleza sana. Hiyo nayo ni kazi ya mawasiliano ya biashara, na inafaa kuwa na alama zake. VPN, programu ya kukwepa kizuizi hicho, inapatikana, lakini inakula bando, na simu ikiwa ya kizamani inakwama.

Kuhusu bando lenyewe, kodi ya 12% kwenye data iko tangu Julai 2021, ilipochukua nafasi ya ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kila siku. Mimi na wewe hatuna la kuifanya. Punguza video. Kozi nyingi zinaweka maandishi ya kila video pembeni yake; yapakue, uyasome bila mtandao, video uifungue pale tu maandishi hayatoshi. Kwenye Zoom zima kamera, mwambie mwalimu sababu siku ya kwanza asije akadhani umelala.

Saa. Hapa watu wengi wanapotea. Darasa la saa moja jioni New York ni saa nane usiku kwetu wakati wa kiangazi chao, na saa tisa usiku wakati wa baridi yao, kwa sababu wao wanasogeza saa na sisi hatusogezi. Kama vipindi ni vya moja kwa moja tu na havirekodiwi, hiyo kozi si yako, hata ikiwa nzuri namna gani. Ila kwenye kazi za kuwasilisha saa hizo zinakubeba: wakisema mwisho ni dakika moja kabla ya saa sita usiku kwao, wewe una hadi karibu saa moja asubuhi ya kesho yake, au saa mbili kwenye baridi yao. Usiku mzima ni wako, umeme ukiwepo.

Na ukimwandikia mgeni kuhusu mkutano, usiandike "saa 3". Andika 09:00, saa za Afrika Mashariki. Sisi tunahesabu tangu jua lichomoze, yeye anahesabu tangu usiku wa manane, na mtakuja kulaumiana bure.

Mheshimiwa mwandishi, katika kozi ninayosoma mkufunzi ametuambia asilimia 93 ya mawasiliano si maneno: 55 ni uso na mwili, 38 ni sauti, maneno ni 7 tu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Kama maneno ni asilimia 7, mimi nafundisha nini? – Mwalimu, Jinja

Mwalimu, hasira yako ni halali, na una hoja mkononi.

Namba hizo zinatoka kwa Albert Mehrabian, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, katika majaribio mawili yaliyochapishwa mwaka 1967. Tazama walichofanya. Katika jaribio moja watu walisikilizishwa maneno ya Kiingereza, moja moja, yenye maana kama "asante", "mpendwa", "labda", "katili", yakitamkwa kwa sauti ya upendo, ya kawaida, au ya chuki. Katika jingine neno lilikuwa moja tu, lile la "labda", likiambatana na picha za nyuso. Wasikilizaji waliulizwa: huyu anayesema anampenda anayemwambia, au hampendi? Matokeo ya majaribio yote mawili yakaunganishwa, zikapatikana 7, 38 na 55.

Basi. Ni neno moja moja, na swali ni la kupenda au kutopenda. Ukiniambia "asante" huku umekunja uso, nitaamini uso; hilo bibi yangu alilijua bila maabara. Mehrabian mwenyewe amesema wazi kwamba hesabu yake inahusu hisia na mielekeo tu, na haihusu mawasiliano kwa jumla. Waliobaki wameipenda namba wakaacha masharti yake.

Mwombe mkufunzi akueleze kwa uso, bila maneno, kwamba bei ya sukari ni Shs 180,000 kwa mfuko wa kilo 50 na inalipwa nusu kabla ya kupakiwa. Ukimwelewa kwa asilimia 93, niandikie.

Sisemi sauti haina kazi. Kwenye simu ya kudai deni sauti ni kila kitu, na ukisimama mbele ya bodi unatetemeka hawatasikia hesabu zako hata zikiwa sahihi. Ila kozi ikikupa namba kama hizo bila kukuambia zimetoka wapi, hata mengine inayokufundisha yatazame kwa jicho la pili. Na kazi unayo, Mwalimu, tena nyingi: Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Yote kwa maneno.

Shikamoo Mama. Nanunua mahindi upande wa Kagera, navusha Mutukula. Mzee mmoja wa Masaka, rika la baba yangu, alichukua tani tatu na nusu kwa Shs 1,200 kilo, jumla Shs 4,200,000, tangu mwezi wa tatu. Hajalipa. Makubaliano yalikuwa ya mdomo. Kozi ninayosoma inasema ingia kwenye hoja sentensi ya kwanza. Nikimwandikia mzee hivyo nitaonekana sina adabu. Nikizunguka mbuyu, simpati. – Kijana wa mahindi, Mutukula

Marahaba mwanangu. Kozi umeisoma nusu. Hata hao Wamarekani hawasemi uingie kwenye hoja kila mara. Vitabu vyao vinagawa: habari njema au ya kawaida, iseme mwanzoni, habari mbaya au ombi zito, mwandae msomaji kwanza kwa sentensi moja ya upole, ndipo uiseme. Ukifika wiki za katikati utayakuta. Sisi salamu tunaipa mzee kwa sababu ni mzee, hata kama habari ni njema, na hakuna kozi itakayokuondolea hilo.

Kosa la vijana wengi liko baada ya salamu. Wanasalimu, wanauliza watoto, wanauliza mvua, wanauliza ng'ombe, halafu mwishoni kabisa: "mzee na lile jambo letu usisahau." Lile jambo lipi? Mzee anajibu "sawa mwanangu", wote mmetimiza adabu, na hela haijatoka.

Mpigie kwanza. Mpigie asubuhi, akiwa hajachoka, na usimpigie siku ya soko. Siku hiyo hiyo mwandikie WhatsApp, yeye peke yake, kamwe isiwe kwenye kundi:

*Shikamoo mzee. Asante kwa kunipokea kwenye simu asubuhi. Mzee, ni kuhusu mahindi uliyochukua mwezi wa tatu, tani 3.5 kwa Shs 1,200 kilo, jumla Shs 4,200,000. Naomba uniambie utalipa tarehe gani, na kama ni kwa mara moja au kwa mafungu mawili. Wakulima wa Kagera nami wananidai, nikiijua tarehe nitaweza kuwaambia. Wasalimie nyumbani.*

Salamu ipo, shukrani ipo, na deni limetajwa lote kwa namba zake. Humwombi hela, unamwomba tarehe. Mtu mzima ni rahisi kwake kutaja tarehe kuliko kukubali kwamba amechelewesha. Akijibu "nitalipa tarehe 30, nusu", kuna jambo jingine kubwa limetokea: ameandika.

Hilo la maandishi ndilo lililonifanya nikupe nafasi ndefu. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya 2010 inataka mkataba unaozidi pointi 25 za fedha uwe wa maandishi. Pointi moja ni Shs 20,000, kwa hiyo mpaka ni Shs 500,000. Nyie mmepeana milioni nne kwa mdomo. Kwa upande mwingine, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011 inautambua ujumbe wa kielektroniki, haiutupi eti kwa kuwa hauko kwenye karatasi. Uzito wa jibu la mzee mbele ya hakimu atakuambia mwanasheria, mimi ni mtu wa barua. Najua tu kwamba ujumbe wenye tani, bei, jumla na "nitalipa" ni mali, na ujumbe wa "lile jambo letu" hauna kitu. Usiufute. Usibadilishe simu bila kuuhifadhi.

Tarehe ikipita kimya, mwandikie tena, ukinukuu maneno yake mwenyewe, bila kuongeza chumvi. Ikishindikana kabisa, mahakama zetu zina utaratibu wa madai madogo kwa madeni yasiyozidi Shs milioni 10, na unaanza kwa barua ya madai. Ukiwa umeandika vizuri tangu mwanzo, barua hiyo karibu utakuwa umeshaiandika.

Mzigo ujao, kabla gunia la kwanza halijapanda kwenye lori, tuma ujumbe wa mistari mitatu: kiasi, bei, siku ya malipo. Ngoja "sawa". Mzee hatakasirika. Wafanyabiashara wa zamani wanapenda kijana anayeandika.

Mama, ChatGPT inaandika barua nzuri kuliko mimi. Kuna haja gani ya kozi? – Msomaji, Gulu

Inaandika vizuri, sikatai. Ila haijui ni katoni ngapi zimefika, na usipoiambia itajaza pengo kwa "natumaini barua hii inakukuta salama", tukarudi kule Malaba. Igeuze: andika wewe, halafu iulize, "msomaji wa barua hii anatakiwa kufanya nini, na lini?" Ikikosea, barua yako ndiyo yenye tatizo.

Kwenye kazi za chuo soma masharti kwanza. Vyuo vingi vinahesabu ni udanganyifu kuwasilisha kilichoandikwa na mashine bila kusema. Na usibandike humo majina na namba za simu za wateja. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu 2019, na anayetafutwa mteja akilalamika ni wewe.

*Toleo lijalo ni nukuu za bei. Nitumieni zile ambazo wateja walizisoma wakanyamaza. Majina na namba za simu zifuteni kabla ya kutuma.*